Mshale wa Waya na Pesa za Tangawizi

Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo Mamba, milimani wilayani Same, wanakwaya waliniita niwatazamie spika zao mbili. Besi ilikuwa imepotea. Fundi waliyemleta kutoka mjini alishasema tatizo ni waya: umefungwa kinyume. Wanunue mpya, wenye mishale, ielekezwe kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika. Pesa ingetoka kwenye michango, na Mamba mchango maana yake ni tangawizi iliyouzwa.

Mimi, mwalimu wa fizikia, nikaitikia kwa kichwa. Fundi ni mtu mzima, nami niliogopa kuonekana sijui.

Aliyeniokoa ni mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, naye mwanakwaya: "Mwalimu, si ulisema mkondo geu unaenda na kurudi? Sasa mshale unaelekeza nini?"

Jamani! Umeme wa sauti hauendi upande mmoja kama maji ya mfereji. Noti ya besi ya hezi 50 inaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Sauti nyembamba, maelfu ya mara. Geuza waya ncha kwa ncha utakavyo, shaba haina mbele wala nyuma.

Yapo yanayobadilisha sauti kweli. La kwanza ni chanya na hasi. Ukizibadilisha kwenye spika moja tu, hiyo inasukuma hewa wakati mwenzake inavuta, na besi inajifuta. Ndilo lililokuwa tatizo letu: bisibisi moja, dakika mbili, bila kutoa hata shilingi. La pili ni unene na urefu. Ukiwasha spika ya omu 4 iliyo mita 20 kwa waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, karibu robo ya nguvu inaishia kwenye waya. Hapo nunua waya mnene, achana na mishale.

Kuna wana watasema, "Mimi tofauti naisikia." Sawa, tujaribu. Rafiki yako arushe sarafu: kichwa anageuza waya, mwenge anauacha. Wewe usione, taja upande kwa kusikia tu, mara 10. Kupatia zote kwa kubahatisha ni nafasi 1 kati ya 1,024. Ukizipata, nitakuja bwenini kwako kuomba radhi. Ila fanya hivyo kabla bumu halijaishia dukani.

Kinachoniuma mimi si waya. Mkondo geu nilikuwa nimeufundisha darasani wiki ileile, halafu mbele ya mtu mzima nikausahau. Walimu wenzangu watarajiwa, tukiwa hivyo tutafundisha watoto kujibu mtihani, basi. Kumheshimu mkubwa na kupima anachosema havigombani. Inatosha kusema: "Shikamoo fundi. Tujaribu kwanza?"