Kilio cha Kapera

Wasomaji, Bwana Charles Lamb alikuwa karani kama wengi wetu: miaka 33 aliandika hesabu katika Kampuni ya East India, London. Katika kitabu chake cha mwaka 1823 aliwacheka wenye ndoa. Hujivunia watoto, alisema, kana kwamba ni kitu adimu duniani. Naye mke mpya huwatenga pole pole rafiki wa zamani wa mumewe.

Utacheka sana. Lakini kapera huyo, tangu mwaka 1796 hata kufa kwake mwaka 1834, alimtunza dada yake Mary, aliyeshikwa na maradhi ya akili mara kwa mara.

Basi, ndugu, kapera akikutembelea jioni, usimwulize ataoa lini. Mpe kiti na chai. Huenda ana mzigo asioutaja.