Ukakamavu wa Akili Hauletwi na Fimbo

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Novemba, vijana wa kidato cha nne wa Magu, kama wenzao wa nchi nzima, huketi mbele ya karatasi za mtihani wa taifa. Miongoni mwao hutokea kijana aliyeyajua masomo yake barabara, lakini siku hiyo mikono humtetemeka, jasho humtoka, na kanuni aliyoitamka jana jioni humpotea kabisa. Husemwa kwamba kijana huyo hana roho ngumu. Na wapo wengi waaminio kuwa dawa ya udhaifu huo ni ukali: vitisho, masimango na fimbo, ili mtoto azoee shida. Rai hiyo ni ya zamani, na ina watetezi wenye nia njema. Hata hivyo haikubaliani na yale ambayo sayansi imeyagundua, wala haikubaliani na mafunzo yapatikanayo katika Usukuma wenyewe.

Kwanza yafaa ifahamike nini hutokea mwilini. Mtu anapotishika, ubongo hupeleka habari kwenye tezi zilizo juu ya mafigo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hukazana, na damu huelekezwa kwenye misuli. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliieleza hali hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Maandalizi hayo humfaa mvuvi wa Ghuba ya Speke avutaye kasia dhidi ya mawimbi. Hayamfai vivyo hivyo mwanafunzi atakiwaye kushika hatua nne za hesabu kichwani kwa wakati mmoja, kwa maana hofu nayo hudai nafasi katika kumbukumbu ile ile fupi ambayo hesabu inaihitaji. Basi kijana atetemekaye huenda si mvivu wala mwoga wa kuzaliwa. Huenda akili yake imebebeshwa mizigo miwili.

Je, ukali huupunguza mzigo huo? Mwaka 1908, Robert Yerkes na John Dodson wa Marekani waliwafundisha panya kuchagua kijisanduku cheupe na kukiacha cheusi. Panya aliyekosea alipigwa na umeme. Tofauti ya mwanga kati ya visanduku ilipokuwa wazi, umeme mkali uliharakisha kujifunza. Lakini tofauti hiyo ilipokuwa ngumu kuitambua, umeme wa kadiri ndio uliofaa zaidi, na ule mkali ulichelewesha. Mwanadamu si panya, na jaribio moja halitoshi kuwa sheria ya shule. Hata hivyo linapaswa kumfikirisha kila mwalimu, kwani masomo ya sekondari ni ya aina ya pili: fizikia, kemia na jiometria si kazi nyepesi. Fimbo yaweza kumfanya mtoto awahi namba au afagie uwanja. Haiwezi kumfundisha kusawazisha mlinganyo wa kemia.

Mfano bora uko jirani. Huko Bujora, katika eneo la Kisesa wilayani Magu, mwezi wa Juni husherehekewa sikukuu ya Bulabo, na vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, hukutana uwanjani. Makundi hasimu hucheza kwa wakati mmoja, kila moja likijaribu kuwavuta watazamaji upande wake. Na lile lenye umati mkubwa ndilo lililoshinda. Ni vigumu kufikiria mtihani mkali kuliko huo, ambamo mchezaji huona kwa macho yake watu wakimgeukia mpinzani. Wachezaji wenyewe hutaja pia dawa za ushindi, ziitwazo samba. Lakini hakuna kundi liendalo uwanjani kwa dawa tupu. Nyimbo hutungwa mapema, hatua hurudiwa mara nyingi, na mchezaji huzoea macho ya watu kidogo kidogo kabla ya kukabili umati. Ukakamavu wake hutokana na mazoezi yafananayo na shindano lenyewe.

Sayansi ya karibuni imethibitisha jambo la namna hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliwapa watu 120 maneno na picha za kukumbuka. Nusu yao walijifunza kwa kusoma tena na tena. Nusu walijifunza kwa kujipima, yaani kujaribu kukumbuka bila kuangalia. Kisha baadhi yao walitiwa katika wasiwasi, kwa kulazimishwa kuhutubia na kufanya hesabu mbele ya wasikilizaji. Wale waliosoma tu walipungukiwa na kumbukumbu; wale waliojipima hawakutetereka.

Mafunzo yake kwa shule ni mepesi, wala hayahitaji fedha. Mwalimu na atoe maswali mafupi kila juma, yajibiwe kwa saa, daftari zikiwa zimefungwa. Mwanafunzi na aitwe ubaoni kueleza hesabu yake mbele ya wenzake, kwanza iliyo rahisi, halafu iliyo ngumu. Anayekosea aonyeshwe alipopotea, asichekwe wala asichapwe. Maana mtoto anayeadhibiwa kwa kila kosa hujifunza kunyamaza, na anayenyamaza hafanyi mazoezi. Naye mwanafunzi afanye hivyo hivyo jioni: afunge kitabu, aandike anachokikumbuka, ndipo akifungue na kujisahihisha.

Watakuwapo wasemao kwamba dunia ni kali, na mtoto alelewaye kwa ulaini atavunjika. Ni kweli kwamba ugumu unahitajika. Lakini ugumu huo uwe katika swali, usiwe katika adhabu. Mara nyingi hutajwa John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika mbio za marathoni huko Mexico tarehe 20 Oktoba, 1968, akaendelea hadi mwisho ingawa wengine wote waliomaliza walikuwa wamekwisha kumtangulia. Watu huusifu moyo wake, na wana haki. Lakini hakuna akimbiaye kilomita 42 kwa moyo mtupu. Miguu ile ilikuwa imefundishwa kwa maelfu ya hatua ambazo hakuna aliyezishangilia.

Wala ukakamavu usigeuzwe kisingizio. Shule isiyo na vitabu wala maabara haiwezi kuwaambia wanafunzi wake kwamba wameshindwa kwa kukosa ujasiri. Hakuna ujasiri uwezao kukumbuka jambo ambalo halikufundishwa. Kinachodaiwa hapa ni haki ndogo tu: mtoto asipimwe chini ya shinikizo siku moja ya Novemba, ilhali katika miaka minne hakupewa nafasi ya kulizoea. Nafasi hiyo iko mikononi mwa mwalimu wa darasa, naye anaweza kuianza katika kipindi cha kesho asubuhi, kwa maswali matano na dakika kumi.