Mabano Hayatoshi

Wadogo zangu wa shahada ya kwanza wanaponiletea programu ya Python iliyogoma, mara nyingi wameshapewa dawa na mtu: "Weka mabano kwenye print, itakwenda." Ninaipinga dawa hiyo. Programu kwenda si hoja. Hoja ni inakokwenda.

Python 3 ilitoka Desemba 2008. Python 2 ikaacha kuhudumiwa Januari 1, 2020, lakini bado inaishi kwenye vitini tunavyorithishana. Print isiyo na mabano ni kosa lenye adabu: linapiga kelele, programu inasimama, unarekebisha. Mwizi hapigi hodi. Katika Python 2, 7/2 ni 3. Katika Python 3 ni 3.5. Hakuna onyo lolote. Wastani wa alama, kipimo cha dawa, jedwali la tasnifu, vyote vinaweza kubadilika kimyakimya huku mwenye kazi akishangilia kwamba imekwenda.

Anayelalamika kwamba toleo jipya linasumbua analaumu taa kwa kuonyesha uchafu. La zamani ndilo lililokata nusu yetu bila kuuliza. Ukitaka namba kamili, andika //, alama inayofanya kazi katika matoleo yote mawili. Ukitaka desimali, hakikisha umeipata.

Basi tuache kugawana tiba bila vipimo. Programu ya kuazima ije na namba ya toleo lake, pamoja na hesabu moja ambayo jibu lake unalijua kabla ya kuiendesha. Asiyekupa hivyo viwili hajakusaidia, amekukabidhi tatizo lake.