Mpiga Dramu Si Spea
Kuna wenye bendi wanaodai mpiga dramu ni spea tu, akitoka unafunga mwingine. Wacheni hizo. Mimi mwenyewe kwa harusi hulipwa nusu ya mpiga gitaa, kwa hivyo nina uchungu. Bill Ward wa Birmingham alikuwa mmoja wa wanne walioanzisha Black Sabbath. Alikua akisikiliza jazi, ndiyo maana dramu zake huyumba chini ya gitaa zito la Tony Iommi, kama mlevi anayejua njia ya nyumbani. Mwaka wa 2012 alikataa mkataba aliosema hausainiki. Dramu za albamu yao ya 2013 zikapigwa na Brad Wilk. Fundi kweli, lakini sikiliza: zimenyooka kama rula! Julai 2025, Ward akiwa na miaka 77, alirudishwa Villa Park kwa nyimbo nne. Nne, jamani! Albamu nzima ya mzee huyo tuliporwa.