Ngoma na Wenye Ngoma

Mjadala kuhusu ngoma za asili nchini Tanzania umezoea kuanzia pasipo pake. Swali linaloulizwa mara nyingi ni namna ya kuzihifadhi nyimbo, mavazi, ala na mitindo ya kucheza kabla wazee wanaozifahamu hawajafariki, na jibu linalotolewa, tangu enzi za santuri hadi zama hizi za simu za mkononi, ni kurekodi, kupiga picha na kuandika. Toleo hili limejengwa juu ya hoja nyingine, kwamba kinachoibeba ngoma ni kikundi, yaani umoja wa watu wenye kiongozi, kanuni, ada na wajibu wa kusaidiana, na kwamba onyesho la hadharani ndilo tukio ambalo umoja huo hujipima mbele ya watu wanaojua kupima. Kikundi kikikosa uwanja, siku na hadhira ya namna hiyo, nyimbo zake zinaweza kudumu kwenye kanda kwa miaka mingi ilhali ngoma yenyewe imekwisha.

Shanwe, kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, ni mahali panapofaa kuipimia hoja hiyo, kwa kuwa Mpanda ni mji uliokusanywa na uhamiaji. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe ndio wenyeji wa eneo hili pana la misitu ya miombo na mabonde; lakini mji wenyewe ulikua kwa sababu ya madini ya risasi ya Uruwira na kwa sababu ya tawi la reli lililojengwa kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuyasafirisha. Kuanzia miaka ya 1970 wafugaji na wakulima wa Kisukuma walizidi kuteremka kusini na magharibi wakitafuta malisho na mashamba, wakati huohuo wakimbizi waliotoroka mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 wakipewa makazi Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Wengi wao na vizazi vyao, watu wapatao 162,000 wakihesabiwa pamoja na wale wa Ulyankulu mkoani Tabora, walipata uraia wa Tanzania mwaka 2014, miaka miwili baada ya Katavi kumegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa. Ukiongeza Wafipa kutoka kusini na Waha kutoka Kigoma, ni dhahiri kwamba katika mji wa aina hii hakuna ngoma inayoendelea kwa mazoea tu. Kila inayochezwa inachezwa kwa sababu kuna watu walioamua kujiunga, kuchanga na kufanya mazoezi, mara nyingi mbali na makaburi ya mababu waliowaachia nyimbo hizo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni vyama vya ngoma vya Wasukuma. Katikati ya karne ya 19 waliibuka waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, ambao wafuasi wao waligawanyika katika vyama viwili vikubwa, Wagika na Wagalu, na mgawanyiko huo umedumu hadi leo kila mahali Wasukuma walikohamia. Vyama hivi havifuati ukoo wala kijiji. Mtu hujiunga, hupewa mafunzo na dawa za chama, hujifunza nyimbo chini ya ningi, ambaye kwa Kiswahili huitwa manju, yaani mtungaji na mwongozaji wa nyimbo, na tangu hapo huwa na ndugu wa chama popote aendapo. Kwa sababu hiyo chama cha ngoma husafiri vizuri kuliko taasisi nyingi za kijadi: utemi ulibaki ulikozaliwa na ukafutwa kisheria baada ya Uhuru, lakini Mgika aliyehamia bonde la Rukwa aliweza kuwatambua Wagika wenzake na kuanza nao mazoezi katika kiangazi cha kwanza.

Namna vyama hivi vinavyoshindana inaeleza kwa nini onyesho la hadharani haliwezi kubadilishwa na kitu kingine. Katika mashindano ya jadi, ambayo hufanyika baada ya mavuno, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika viwanja vinavyokaribiana, na watazamaji huwa huru kusimama upande wautakao na kuhama kadiri mchezo unavyoendelea; upande unaovuta umati mkubwa zaidi ndio mshindi. Hakuna jopo la majaji wala karatasi ya alama, kwani miguu ya watazamaji ndiyo inayoamua. Kwa utaratibu huo kila kikundi hulazimika kubuni vituko vipya, vichekesho, vinyago, mbinu za kucheza na nyoka au fisi, na juu ya yote nyimbo mpya zenye habari za mwaka huohuo, kwa kuwa umati unaoujua wimbo wa mwaka jana hautabaki kuusikiliza tena. Wanaodhani kwamba asili maana yake ni kurudia yaliyokuwako wanapaswa kuliangalia jambo hili kwa makini: utaratibu wa kale kabisa wa vyama hivi ni utaratibu unaodai upya, na upya huo hudaiwa na hadhira iliyopo uwanjani, inayoweza kuondoka.

Sehemu ya pili ya maisha ya vikundi ni kazi. Bugobogobo, ngoma inayochezwa kwa majembe na inayojulikana zaidi nje ya Usukuma, ilitokana na vikundi vya vijana waliolima mashamba kwa zamu, wakifuata mapigo ya ngoma kubwa na sauti ya manju, na kulipwa kwa ng'ombe, chakula au fedha iliyoingia katika mfuko wa pamoja. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyepanga siku za kulima na siku za kucheza, na nidhamu ya shambani ndiyo iliyokuwa nidhamu ya uwanjani. Mtazamaji wa leo anayeona majembe yakirushwa hewani na kudakwa jukwaani anaona ustadi, lakini ustadi huo ulizaliwa na saa nyingi za kulima kwa pamoja, jambo ambalo halionekani jukwaani. Kikundi kinachobaki na majembe ya maonyesho bila mfuko, bila zamu na bila wajibu wa kumlimia mwenzao mgonjwa kimebaki na ganda.

Dola iliitambua thamani ya ngoma mapema, ila iliitambua kama onyesho. Katika hotuba yake ya kuapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba ukoloni uliwafanya wasomi wazionee haya ngoma za kwao. Baadaye kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, vikundi vikaanzishwa jeshini, viwandani na katika mashirika ya umma, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanza mwaka 1981, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo yalileta pia desturi ambayo kila halmashauri inaijua: kikundi cha ngoma za asili huitwa kuupokea Mwenge wa Uhuru, kumlaki mgeni rasmi au kuchangamsha maonyesho ya Nane Nane, hupewa dakika chache kati ya wimbo wa taifa na hotuba, hucheza kikimwelekea mtu mmoja aliyeketi chini ya hema, kisha hupewa posho na usafiri wa kurudi. Katika mazingira hayo manju hawezi kujibizana na umati, mpinzani hayupo, wimbo hukatwa kabla haujakolea, na maneno ya ukosoaji huondolewa mapema na wachezaji wenyewe. Kikundi kinachoishi kwa mialiko ya namna hiyo hujifunza upesi kwamba hakuna haja ya kutunga.

Nchi jirani inatoa onyo lililo zito zaidi. Ngoma za kifalme za Burundi, ambazo mapigo yake yalihama na watu hadi kambini na vijijini Tanzania, ziliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika, yaani urithi unaoishi katika maarifa na matendo ya watu kuliko katika vitu. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri iliyowakataza wanawake kuzipiga, ikawataka wapigaji wajisajili, na ikaweka ada kwa maonyesho. Jambo lililokuwa la wapigaji likawa la wizara. Orodha na sheria zina faida zake, lakini urithi ukishapewa mlinzi asiyekuwa mchezaji, mlinzi huyo huweza kuamua nani acheze, lini na kwa bei gani.

Rekodi nazo zina mipaka yake, bila kudharau kazi ya waliorekodi. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 na kunasa nyimbo za Wasukuma, Wanyamwezi na wengine, santuri za wakati huo zilibeba takriban dakika tatu kila upande, hivyo ngoma ya usiku kucha ilibidi itoshee humo. Leo simu haina ukomo huo, na nyimbo za Kisukuma zenye kinanda cha umeme husambaa YouTube na kusikilizwa kwenye vibanda vya Mpanda sawasawa na Shinyanga. Nyimbo hizo zina wasikilizaji wengi na watunzi hodari, na hakuna sababu ya kuzionea wivu. Tofauti ni kwamba anayetazama simuni hawezi kumtunza mchezaji kwa kumbandika noti pajini mwa uso, hawezi kuitikia kibwagizo kikamrudia manju na kumbadilishia mwelekeo, wala hawezi kuhamia upande wa pili akaonekana amehama.

Hoja ya kuvitetea vikundi inakabiliwa na mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba vyama vikubwa vya wahamiaji humeza ngoma za wenyeji. Pingamizi hili ni la kweli, tena lina uchungu, kwa kuwa katika Katavi ujio wa mifugo umeandamana na migogoro ya ardhi kati ya wafugaji na wakulima, kwa hiyo uwanja wa ngoma haujitengi na ugomvi wa malisho. Kuvidhoofisha vikundi vilivyo imara hakutazihuisha ngoma za Wabende wala za Wakonongo. Kinachohitajika ni kuwapa hao nao kilichowafanya Wasukuma wadumu, yaani chama, uwanja na mpinzani. Pingamizi la pili ni kwamba vyama vya kale vimebeba dawa, uhasama na tuhuma za uchawi. Nalo ni kweli, lakini historia ya Bujora, karibu na Mwanza, inaonyesha njia: huko Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la Mapadre Weupe, aliwakaribisha Wagika na Wagalu wakashindana kila Juni katika sikukuu ya Bulabo iliyoambatana na Ekaristi, na ushindani ukaendelea bila kanisa kuvunjika. Shirika hilohilo, ambalo lilikuwa na misheni Karema kando ya Ziwa Tanganyika tangu mwaka 1885, lilitoka katika kizazi cha wamisionari walioiona ngoma kuwa adui.

Ushahidi kwamba chama ndicho kinachodumu unapatikana pia pwani. Ikhwan Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, imeshuhudia kuondoka kwa usultani, Mapinduzi ya 1964, kuja kwa redio, kaseti na intaneti, na bado ina wanachama na mazoezi. Nyimbo zake zimebadilika na wapigaji wake wote wa mwanzo wamefariki. Kilichorithishwa ni klabu yenyewe, pamoja na desturi ya kukutana.

Kutokana na hayo, makala za toleo hili zinawataka wahusika wa Mpanda wabadilishe vipimo. Ofisa utamaduni anayetaka kujua hali ya kikundi Shanwe asiulize kwanza wimbo una umri gani, bali aulize nani atashika nafasi ya manju akihama, nani hugharimia ngozi za kuwambia, wanachama wangapi wameingia mwaka huu, na kikundi kimeshindana na nani kiangazi kilichopita. Halmashauri itenge uwanja usiogawanywa na kuuzwa kama viwanja, iweke siku ya mashindano kati ya Juni na Septemba, mavuno yakiwa ghalani na njia zikipitika, itoe kibali cha ngoma ya usiku bila masumbufu, na mgeni rasmi akija aketi miongoni mwa watazamaji. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kurekodi na kuorodhesha, na inawarudishia watazamaji haki ya kuamua ngoma ipi inastahili kusikilizwa tena.