Wembe Usoni? Nimejaribu!

Mpenzi msomaji, naomba nikiri. Jumamosi moja nilijifungia bafuni ninyoe uso. Ndiyo, mwanamke mzima! Nilichoka kuona poda inakaa mabaka mabaka juu ya malaika za mashavuni. Kiwembe nilichoshika? Cha mume wangu. Akanikuta nimekiinua.

Nilidhani atacheka. Akasema, "Mke wangu, nyoa, ila si kwa hicho. Mimi hujikata nacho." Kweli bwana! Kiwembe chenye damu kinaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B, hata kati ya wanandoa. Jioni nikanunua changu, kipya, chenye mpini.

Shosti, fanya hivi: nawa uso, kausha, paka mafuta kidogo. Vuta ngozi, laza kiwembe nyuzi 45 hivi, nyoa taratibu kufuata nywele zinakolala. Seli zilizokufa nazo zinatoka, uso unabaki laini. Kisha paka losheni isiyo na manukato, na mchana usisahau kinga ya jua.

Eti zitaota ndevu? Wala! Nywele haziongezeki, zinarudi na ncha butu tu.

Una chunusi? Subiri zipone. Nywele za kidevu zikiwa ngumu na za kujikunja, kunyoa kunaweza kuleta vipele na madoa meusi. Na zikiongezeka huku hedhi inayumba, muone daktari.

Mapenzi ni kushirikiana, lakini kiwembe, kila mtu na chake!