Ushuhuda wa Damu na wa Ndege

Juma hili twapenda kueleza jinsi wataalamu wanavyoitambua homa ya ubongo iletwayo na mbu, ambayo huwapata watu na farasi pia. Habari yenyewe ni ya ng'ambo, lakini mzizi wake u jirani nasi.

Mwaka 1937, katika wilaya ya West Nile nchini Uganda, mpakani mwa Kongo, waganga waliokuwa wakichunguza homa ya manjano walitwaa damu ya mwanamke mwenye homa. Wakakuta humo kirusi kisichojulikana bado, wakakiita kwa jina la wilaya ile.

Ikapita miaka mingi. Mwezi wa Agosti 1999, wagonjwa wenye kuvimba ubongo wakaonekana katika mji wa New York, Marekani. Damu yao ikapimwa. Mara nyingi mgonjwa afikapo hospitali, kirusi chenyewe kimekwisha kupungua katika damu. Kwa hiyo maabara hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewafanya ili kumpiga adui yule. Kipimo kikajibu: ni homa ya ubongo ya St. Louis, iliyojulikana Marekani tangu 1933. Lakini virusi vya ukoo mmoja ni kama ndugu wawili ambao nyayo zao hufanana. Askari waliofanywa kwa ajili ya mmoja huweza kumshika na mwenzake. Jina likakosewa.

Aliyeona shaka hakuwa mganga wa watu, bali Bibi Tracey McNamara, mtaalamu wa magonjwa katika bustani ya wanyama ya Bronx. Kunguru walikuwa wakifa kwa wingi, kisha wakafa flamingo wa bustani, ubongo wao umevimba. Nayo homa ya St. Louis haina desturi ya kuua ndege. Iko homa nyingine ya farasi ambayo huua emu, wale ndege wakubwa mithili ya mbuni. Lakini emu wake walikuwa wazima. Basi si hii wala si ile. Akapeleka sehemu za miili ya ndege katika maabara nyingine. Kirusi kikakuzwa, kikachunguzwa, na mwisho wa Septemba kikajulikana: ni kile cha West Nile.

Mwaka ule walitambuliwa wagonjwa 62, na 7 kati yao wakafa. Farasi nao waliugua, wengine wakafa. Jina la kweli lilipopatikana, ndipo kazi ya kinga ilipoweza kuanza: tangu 2001 farasi wanayo chanjo, ingawa watu hawajapata yao.

Nasi tujifunze nini? Jina la uongo huficha ugonjwa. Mtoto akishikwa na homa, akaweweseka au kupatwa na degedege, tusikate shauri nyumbani kwamba ni malaria tu, wala tusimtafute mchawi kwa jirani. Apelekwe hospitali upesi, damu yake ipimwe. Tena kuku au mbuzi wakifa ghafula kwa wingi, tusiwale. Tumwarifu mganga wa mifugo. Mwenyezi Mungu aliyeumba mtu ndiye aliyeumba na kunguru, na mwenye hekima hadharau shahidi kwa kuwa ni mdogo.